Nani alilipia shimo la kwanza? Kisa cha Roger Butler na mvuke wa Alberta, kikisomwa Mbeya

Mwaka 1969 mhandisi wa kampuni ya Imperial Oil nchini Kanada alipata wazo: lami, yaani mafuta mazito mno, iliyonasa kwenye mchanga wa chini ya ardhi ipashwe moto kwa mvuke, kisha iachwe ichuruzike yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye kisima kilicholala chini yake. Mradi wa kwanza wa kibiashara uliotumia wazo hilo, Foster Creek huko Alberta, ulianza kuzalisha mwaka 2001. Hapo katikati ipo miaka 32. Roger Butler, mwenye wazo, alilipata akiwa mtu wa miaka arobaini na ushee, akaliona likizaa biashara akiwa mzee wa miaka sabini na kitu.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki hukaa kwenye akili ya Butler, na kweli inastahili sifa. Lakini mimi nafundisha vijana wa uhandisi hapa Mbeya, na kila ninapokipitia nao, kinachonishika ni ile miaka 32. Wazo lilikuwepo mapema. Hesabu zake zilikamilika mapema pia. Aliyechelewa kupatikana ni mtu wa kulipia shimo la kwanza, shimo ambalo lingeweza kutoka patupu na fedha zote zikapotea. Kwa hiyo nitakichambua kisa kwa swali hilo: nani alikubali kuibeba hasara ambayo ingeweza kutokea, na kwa nini awe yeye?

Kijana mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, sisi Mbeya hatuna mafuta. Haya ya Kanada yanatuhusu nini?" Ni swali la haki. Mwaka 1987 kampuni ya mafuta ya Amoco walichoronga visima viwili katika bonde la Rukwa, kimoja Ivuna na kingine Galula, wakaondoka bila mafuta ya kuuza. Gesi yetu iko pwani, Songo Songo na Mnazi Bay, na gesi haihitaji kupashwa moto ili itoke. Lakini chini ya Uporoto na Busokelo kuna joto, na anayetafuta joto ardhini anakutana na mambo yaleyale aliyokutana nayo Butler: mvuke, mwamba unaopitisha na mwamba unaoziba, na kisima cha bei kubwa kisicho na uhakika. Nitafika huko. Kwanza lami.

Lami isiyosogea

Mchanga wa lami wa Alberta ni miongoni mwa hazina kubwa za mafuta duniani. Akiba inayokadiriwa kuweza kutolewa inazidi mapipa bilioni 160. Sehemu iliyo karibu na uso wa ardhi, hadi kina cha mita 75 hivi, hufukuliwa kwa mitambo, mchanga ukapakiwa kwenye malori na kuoshwa kwa maji ya moto. Sehemu hiyo ni ndogo. Takriban asilimia 80 ya akiba iko chini zaidi, na hakuna awezaye kuondoa msitu na udongo wa mamia ya mita ili aifikie.

Kwa nini basi usichoronge kisima ukaivuta kwa pampu? Kwa sababu haisogei. Ardhi ya huko ni baridi. Ndani ya mchanga huo joto ni nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo mnato, yaani ugumu wa kutiririka, wa lami ya Athabasca (eneo kubwa la mchanga huo) unapita sentipoizi milioni moja, wakati maji ni sentipoizi 1. Anayetoka Kyela na dumu la mawese mwezi wa Juni, akalilaza Uyole usiku mmoja, atanielewa: asubuhi dumu limejaa, lakini ukilipindua hakitoki kitu. Mafuta ni yaleyale ya jana, kilichobadilika ni baridi. Pasha lami ya Athabasca ivuke nyuzi 200, mnato unaporomoka hadi sentipoizi 10 au pungufu, nayo inatiririka. Kwa hiyo tangu mwanzo watu walijua kwamba dawa ni joto. Mjadala ulikuwa juu ya namna ya kulifikisha huko chini, na namna ya kuipokea lami ikishalainika.

Njia iliyokuwepo ilikuwa ya kupuliza na kusubiri. Iligundulika kwa bahati nchini Venezuela mwishoni mwa miaka ya 1950. Shell walikuwa wakisukuma mvuke ardhini huko Mene Grande, mvuke ukapasua ardhi na kutokea juu, na walipoviachia visima ili kupunguza shinikizo, vikatoa mafuta kuliko walivyotarajia. Tangu hapo kisima kimoja cha wima hupulizwa mvuke kwa wiki kadhaa, hufungwa kwa muda, kisha hufunguliwa kitoe mafuta mpaka kipoe, na mzunguko ukaanza upya. Imperial waliikuza njia hii Cold Lake, huko Alberta, na inaendelea kufanya kazi hadi leo. Ina mipaka yake, kwani inahitaji shinikizo kubwa, na sehemu kubwa ya lami hubaki palepale ilipokuwa.

Alichoongeza Butler

Butler alizaliwa Ilford, Uingereza, mwaka 1927. Alisomea uhandisi wa kemia Imperial College, London, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1951, kisha akahamia Kanada na kufundisha Chuo Kikuu cha Queen's kabla ya kuajiriwa na Imperial Oil mwaka 1955. Nasisitiza hapo kwenye kemia. Alikuja kwenye mafuta ya ardhini akiwa na mazoea ya kiwandani, ambako mhandisi huuliza kila kimiminika kinaingilia wapi, kinatokea wapi na kinasukumwa na nini. Wenzake wa visima walizoea kuanza na swali la shinikizo: tulipandishe kiasi gani mafuta yakubali kutoka? Yeye alianza kwa kuuliza lami ikishalainika itapenda kuelekea wapi.

Siku hizo Imperial ilijishughulisha pia na potashi, chumvi ya kutengenezea mbolea, katika jimbo la Saskatchewan. Chumvi ya namna hiyo inaweza kuchimbwa kwa kuyeyushwa. Unaingiza maji, maji yanayeyusha kuta za shimo, yaliyokolea chumvi yanakuwa mazito na kushuka, mapya yanapanda kuchukua nafasi. Hakuna anayeyasukuma, tofauti ya uzito inatosha. Butler aliona kwamba mvuke na lami vingeweza kupishana vivyo hivyo.

Mpangilio wake ni huu. Visima viwili vinalazwa karibu na sakafu ya tabaka la lami, kimoja juu ya kingine, vikiachana kwa mita 5 hivi. Cha juu kinapuliza mvuke. Mvuke ni mwepesi, kwa hiyo unapanda na kutanuka, ukijitengenezea chumba ndani ya mchanga. Unapofika kwenye ukuta wa chumba, penye lami baridi, unageuka maji, na katika kugeuka huko unaachia joto jingi ulilokuwa umelibeba. Lami ya ukutani inalainika na kuteremka pamoja na yale maji, ikifuata ukuta hadi kisima cha chini, nayo inapandishwa juu. Nafasi iliyoachwa na lami inajazwa na mvuke, ukuta mpya unapashwa, kazi inaendelea usiku na mchana bila ile habari ya kufunga na kufungua.

Haki itendeke kwa wengine pia. Mvuke ulishatumika. Visima vya mlalo Wasovieti walivijaribu tangu miaka ya 1950, na huko Yarega, kaskazini mwa Urusi, walichimba mahandaki kwenye mafuta mazito na miaka ya 1970 wakayapasha kwa mvuke. Butler alivipanga vitu hivi ili mvutano wa dunia ndio ufanye kazi ya kusukuma, halafu akauandikia hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na naomba msomaji aivumilie. Mwaka 1981 Butler pamoja na wenzake wawili, McNab na Lo, walichapisha nadharia ya kukadiria kasi ya lami kuchuruzika. Kiini chake ni kwamba kasi hufuata kipeuo cha pili cha mambo kadhaa yaliyozidishwa pamoja: upenyezaji wa mchanga (wepesi wake wa kupitisha kimiminika), urefu wa chumba cha mvuke kwenda juu, wepesi wa joto kusafiri ndani ya mchanga, na kiasi cha lami kinachoweza kuhama. Mnato uko upande wa kugawanya. Kwa kuwa ni kipeuo, tabaka likiwa nene mara nne, kasi inaongezeka mara mbili tu. Mchanga ukiwa na upenyezaji wa mara mia, unapata mara kumi. Hapo mhandisi anajua asihangaike na nini: kutafuta tabaka nene kupita kiasi hakumlipi sana, ila mchanga uliochanganyika na udongo wa mfinyanzi utamwangusha.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo, na mimi naliona ndilo lililoamua kisa kizima. Kasi inayopatikana ni kwa kila mita ya kisima inayogusa tabaka, na ni kasi ndogo. Katika tabaka la mita 20, kisima cha wima kinagusa mita 20. Kisima kilicholazwa mita 500 ndani ya tabaka hilohilo kinagusa mita 500, yaani mara 25. Kwa kisima cha wima wazo la Butler ni zuri na halilipi. Kwa cha mlalo linalipa. Na mwaka 1969 hakukuwa na kampuni iliyokuwa ikichoronga visima vya mlalo kama kazi ya kawaida.

Cold Lake

Mwaka 1978 Imperial walichoronga kisima cha mlalo Cold Lake kwa ajili ya jaribio hili, miongoni mwa vya mwanzo kabisa katika zama hizi za uchorongaji, huku mvuke ukipulizwa kwa kisima cha wima kilichokuwa juu yake. Lami ilichuruzika. Kwa mtu wa sayansi hilo lilikuwa jibu.

Kwa mtu wa hesabu za kampuni halikuwa jibu bado. Kampuni ilikuwa na njia yake ya kupuliza na kusubiri, ambayo ilikuwa njiani kuwa mradi mkubwa wa kibiashara papo hapo Cold Lake. Ulianza mwaka 1985. Aliyekalia meza ya maamuzi alikuwa na njia moja inayojulikana gharama zake na nyingine ambayo kifaa chake kikuu kilikuwa bado kinajifunza kutembea chini ya ardhi. Sioni sababu ya kuilaumu kampuni. Iliajiri, ililipia miaka ya utafiti, iligharimia kisima cha kwanza. Isichokuwa nacho ni sababu ya kuwa wa kwanza kuumia, ilhali ikisubiri mwingine aumie ingeweza kufuata nyuma yake kwa gharama nafuu. Kila kampuni ya Alberta ilikuwa na hoja hiyohiyo, na hoja ikiwa sahihi kwa kila mmoja, wote mnakaa mkitazamana. Hapa wanafunzi wangu hutaka kumtafuta mbaya wa kisa. Mimi huwaambia watafute karatasi ya mahesabu, wataona kwamba kila aliyekataa alikataa kwa haki.

Mwaka 1982 Marekani ilitoa hataza ya njia hii, yaani haki ya kisheria inayowazuia wengine kuitumia bila ruhusa, Butler akitajwa kama mvumbuzi, haki zikiwa upande wa mwajiri. Mwaka huohuo aliondoka Imperial. Kwa sheria za hataza za wakati ule, haki hudumu miaka 17 tangu hataza kutolewa. Piga hesabu: 1999. Foster Creek ilianza kibiashara 2001. Ulinzi wa kisheria uliokusudiwa kumpa mwenye wazo nafasi ya kula matunda yake ulikwisha matunda yakiwa hayajaiva. Tunapowaambia vijana kwamba mvumbuzi asajili hataza halafu utajiri utafuata, tuwaonyeshe na tarehe hizi. Hataza ina thamani pale tu panapokuwepo mtu wa kujenga ndani ya muda wake.

Mgodi wa kujaribia

Serikali ya jimbo la Alberta, chini ya waziri mkuu wake Peter Lougheed, ilianzisha mwaka 1974 shirika la umma la teknolojia na utafiti wa mchanga wa lami, linalojulikana kwa kifupi AOSTRA. Clement Bowman, mhandisi wa kemia kama Butler, alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Kazi ya shirika ilikuwa kuweka fedha za umma pale ambapo kampuni zinaogopa kuweka zao peke yake. Lilichangia gharama za majaribio, na kwa kuchangia likamiliki teknolojia iliyotokana nayo na kuikodisha kwa yeyote aliyekuwa tayari kulipa. Masharti hayo ni muhimu sawa na fedha zenyewe. Jaribio la kampuni moja likifaulu, wengine hawajui limefauluje. Likishindwa, wengine hulirudia kosa lilelile kwa fedha zao. Jaribio la shirika la umma lenye masharti ya namna ile huacha kitu kwa wote.

Butler alikuwa mkurugenzi wa programu za kiufundi huko AOSTRA baada ya kuacha kampuni, na mwaka 1983 akawa profesa wa uhandisi wa petroli Chuo Kikuu cha Calgary.

Shirika lilifanya jambo ambalo kwa macho ya mhasibu lilikuwa la ajabu. Kwa kuwa hakukuwa na njia ya kuaminika ya kulaza kisima ndani ya mchanga laini kwa kutokea juu, waliamua kwenda chini wenyewe. Kaskazini-magharibi mwa Fort McMurray walichimba mashimo mawili ya wima yenye kina cha zaidi ya mita 200, wakalipita tabaka la lami na kuingia kwenye mwamba wa chokaa ulio chini yake. Humo ndani ya chokaa wakachimba mahandaki. Kutoka kwenye mahandaki hayo wakachoronga visima kuelekea juu na kuvilaza ndani ya mchanga wa lami. Ulikuwa mgodi uliojengwa ili kuthibitisha hesabu. Wazee waliofanya kazi ya makaa ya mawe Kiwira wataelewa vizuri kuliko wahandisi wa rigi, mitambo ya kuchorongea, ni uamuzi wa uzito gani, kushusha watu chini ya ardhi, kuwaweka chini ya tabaka ambalo utalipasha moto hadi nyuzi 200 na zaidi, na kuhakikisha hewa inafika na maji hayaingii.

Mvuke ulianza kupulizwa mwaka 1987. Awamu ya kwanza ilikuwa na jozi tatu za visima vifupi, mita 60 hivi kila kimoja. Zilitosha kujibu swali: chumba cha mvuke kilikua, lami ikashuka, na sehemu iliyopatikana ilizidi nusu ya lami iliyokuwemo. Awamu ya pili, miaka ya 1990, ilikuwa na jozi tatu za takriban mita 500, urefu unaokaribia ule wa biashara. Kampuni zilizokuwa zikitazama kwa mbali zilikuwa zimeshaanza kuingia kama wachangiaji.

Kilichopatikana humo hakikuwa lami tu. Watendaji walijifunza ufundi ambao hesabu ya 1981 haikuuandika. Kabla ya kuzalisha, visima vyote viwili vizungushiwe mvuke kwa miezi mitatu hivi, ili ile mita 5 ya mchanga kati yao ipate joto na kufunguka. Kisima cha chini kisivutwe kwa pupa: juu yake kibaki kidimbwi cha lami na maji kinachouzuia mvuke usipite. Ukivuta kwa kasi mno, kidimbwi kinakauka, mvuke unakimbilia kisima cha chini, joto lote linaenda bure na vichujio vya kisima vya kuzuia mchanga vinatoboka. Kipimo cha kulinda hali hiyo ni joto: kinachotoka kiwe na nyuzi kadhaa chini ya joto la mvuke wenyewe. Ni kanuni nyepesi kuitamka. Kuishika kwenye kisima cha nusu kilomita, ambako kila sehemu ina tabia yake, ni ufundi wa maisha.

Halafu mnamo katikati ya miaka ya 1990 uchorongaji wa mlalo kutokea juu ukawa umekomaa, kwa sababu dunia nzima ilikuwa imeuhitaji kwa mambo mengine. Mahandaki hayakuhitajika tena. Hakuna mradi wa biashara uliojengwa kwa mtindo wa mgodi ule. Wapo watakaosema basi mgodi ulikuwa fedha za kutupa. Mimi naona kinyume kabisa: mgodi ulinunua uhakika, na uhakika huo ulikuwa mezani siku kifaa kilipokuwa tayari. Bila huo, uchorongaji ungekomaa na bado kampuni zingeendelea kutazamana.

Leo njia ya Butler inatoa Alberta zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku.

Deni la njia hii

Kisa kisichosema gharama ni tangazo. Kila pipa la lami linalotoka kwa njia hii huhitaji kwa kawaida mapipa mawili hadi manne ya maji yaliyogeuzwa mvuke. Maji mengi husafishwa na kurudishwa kazini, lakini moto wa kuyachemsha hutoka kwa gesi asilia, na moshi wake huifanya lami hii iwe na mzigo mkubwa wa kaboni kuliko mafuta ya kawaida. Butler aliliona hili mapema kuliko wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa chuoni na mwenzake Mokrys, alianza kutafuta njia ya kuyeyusha lami kwa gesi kama propani badala ya mvuke, ili moto uondolewe kabisa. Maabara ilitoa matumaini. Uwandani kasi ilikuwa ndogo mno. Kilichosalia ni wazo la kuchanganya kiasi cha kiyeyushi na mvuke, ambalo kampuni zinaendelea nalo. Alifariki mwaka 2005.

Mwaka uliofuata, Mei 2006, katika mradi wa Joslyn huko huko Alberta, mvuke ulilipasua tabaka la juu linaloziba na kulipuka hadi nje, ukirusha mawe na kuacha shimo msituni. Tabaka pale lilikuwa na kina kidogo, na shinikizo lilizidi uwezo wa mwamba wa kuziba. Nawasomea wanafunzi tukio hili kila mara, maana hesabu ya Butler inazungumzia mchanga wenye lami, na ajali ilitokea kwenye mwamba ulio juu ya mchanga, ambao ndani ya hesabu ile haumo.

Uporoto na Busokelo

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Hapa kwetu kampuni ya umma ya jotoardhi, TGDC, iliyo chini ya TANESCO, inashughulikia Ngozi, penye lile ziwa la kreta katika milima ya Uporoto, na Kiejo-Mbaka katika Busokelo, ambako visima vyembamba vya utafiti vilichorongwa mwaka 2021. Ngozi inakadiriwa kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 200 huko chini. Si lami, na hakuna kitu cha kulainisha. Lakini maswali ya mhandisi ni yaleyale: mwamba unapitisha kiasi gani, udongo wa mfinyanzi ulio juu unaziba vizuri au umepasuka, maji yakitolewa yatarudishwa wapi, kisima kivutwe kwa kasi gani kisiharibike. Kijana aliyesomea petroli Dar es Salaam au Dodoma na akarudi Mbeya akidhani elimu yake imebaki pwani, amejipunja. Tena Rungwe haikuanza jana kutoa kitu cha thamani kutoka chini: gesi ya kaboni ya Kyejo inakusanywa Ikama na kwenda kwenye viwanda vya soda, gesi ileile ambayo Wamarekani huko Texas wameisukuma ardhini tangu mwaka 1972 ili itoe mafuta yaliyobaki.

Na swali la shimo la kwanza liko palepale. Kisima kimoja kirefu cha jotoardhi hugharimu mamilioni ya dola, na kabla ya kukichoronga hakuna atakayekuhakikishia kwamba kuna maji ya moto ya kutosha na mwamba wa kuyapitisha. Mwekezaji binafsi atasubiri mwingine aanze, kwa hoja ileile sahihi waliyokuwa nayo wale wa Alberta. Ndiyo maana Tume ya Umoja wa Afrika, pamoja na wafadhili wa Ujerumani na Umoja wa Ulaya, walianzisha mwaka 2012 mfuko wa kupunguza hatari hiyo kwa Afrika Mashariki, unaochangia asilimia 40 ya gharama za kuchoronga visima vya utafiti na asilimia 80 ya uchunguzi wa juu ya ardhi. Wanaosema serikali iache jotoardhi kwa wafanyabiashara hadi walione lina faida, wajibu kwanza: nani atalionyesha kuwa lina faida?

Ila fedha za umma peke yake hazifanyi AOSTRA. Kumbuka masharti ya umiliki na taarifa. Amoco walipoondoka Rukwa mwaka 1987, walichoacha nyuma ni takwimu za mitetemo ya ardhi na kumbukumbu za visima viwili. Miaka mingi baadaye, watafuta gesi ya heli walipokuja bonde hilohilo, takwimu hizo za zamani ndizo walizozichambua upya kabla ya kuchoronga upande wa Itumbula. Visima vya Ivuna na Galula vilikuwa patupu kwa aliyevilipia, na bado vimeendelea kufanya kazi kwa sababu kumbukumbu zake zilitunzwa na zinafikika.

Hilo ndilo ninaloomba kwa Ngozi na Kiejo-Mbaka, visima vikitoka na mvuke au vikitoka bila. Vipimo vya joto kwa kila kina, vipande vya mwamba vilivyopandishwa, kumbukumbu za kila mahali tope la kuchorongea, lile linalozungushwa kisimani wakati wa kazi, lilipopotea na kwa kiasi gani, vyote viandikwe kwenye mkataba kuwa mali ya umma, na nakala iwekwe hapa Mbeya, chuo kikuu cha MUST kule Iyunga, mikononi mwa walimu na wanafunzi watakaovisoma. Tope likipotea kwenye mita fulani, hapo mwamba una upenyezaji. Anayechoronga kisima cha pili anahitaji kuijua mita hiyo kabla ya kuleta rigi.